Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Nyumba Ndogo Inayovutwa na Motokaa

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mtu ana daftari lake na kalamu. Mwalimu wa kikundi, kabla sijaanza, tafadhali andika ubaoni maneno manne: tela, gamba, kalibu, ribiti. Yaandike kwa herufi kubwa, ili hata aliyekaa nyuma aone. Nitangoja kidogo.

Vyema. Leo tutazungumza juu ya chombo kimoja kinachopendwa sana Kanada na Marekani. Ni tela dogo la kulala. Mtu hulifunga nyuma ya motokaa yake, akaenda nalo ziwani au msituni, akapiga kambi siku mbili tatu au mwezi mzima. Ndani yake mna kitanda, meza, jiko la gesi, na pengine friji ndogo. Asubuhi kitanda hukunjwa kikawa viti. Gamba lake, yaani ukuta na paa pamoja, limetengenezwa kwa faibaglasi, na kwa mbali laonekana kama yai jeupe lenye magurudumu.

Huenda mwanafunzi mmoja akasema, "Mimi sina motokaa. Tela la kulala litanifaa nini?" Hilo ni swali la haki. Nitamjibu hivi. Ndugu zetu wengi wanakaa nchi hizo siku hizi, na baadhi yenu mna watoto huko. Pia faibaglasi iko hata huku kwetu: iko katika matangi ya maji na katika mashua za wavuvi. Tena tela ni tela. Likiwa limebeba magunia ya mahindi au limebeba kitanda na watoto, ukilipakia vibaya litakuangusha njiani.

Basi, faibaglasi ni nini? Ni nyuzi za kioo. Kioo huyeyushwa kwa moto mkali, kikavutwa kikawa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kazi hii ilianza kufanywa kwa wingi viwandani huko Ohio, Marekani, katika miaka ya 1930. Nyuzi peke yake ni laini kama pamba, hazina nguvu ya kusimama. Lakini zikilowekwa katika maji mazito yanayoitwa resini, na resini hiyo ikatiwa dawa ya kuigandisha, baada ya muda hukauka zikawa kitu kigumu, chepesi, kisichooza na kisichoshika kutu.

Tela hutengenezwa kwa kalibu. Fikirini fundi wa matofali na kalibu yake, isipokuwa kalibu hii ni kubwa kama chumba. Mafundi huipaka nta kwanza ili kitu kisigande. Kisha hupaka rangi nzito, ambayo ndiyo itakayokuwa ngozi ya nje. Juu ya rangi hupanga nyuzi na resini, tabaka juu ya tabaka, wakizikandamiza kwa magurudumu madogo ya mkono ili pumzi isibaki ndani. Wanatoa nusu ya chini, wanatoa nusu ya juu, halafu wanaziunganisha kiunoni kama vifuu viwili vya nazi. Nazi hiyo huwekwa juu ya kiunzi cha chuma chenye magurudumu mawili.

Aliyeyapa matela haya jina ni Ray Olecko, wa mji wa Winnipeg, Kanada. Kabla yake alikuwa ameshughulika na matangi ya maji machafu ya faibaglasi, na watu wengine hucheka wakisikia hivyo. Mimi sioni la kucheka. Mtu aliyejua kutengeneza chombo kisichovujisha maji nje alijua pia kutengeneza chombo kisichoingiza maji ndani. Mwaka 1968 alitoa tela aliloliita Boler, jina lililotokana na kofia ya duara ya Kiingereza, kwa kuwa lilifanana nayo. Urefu wake ulikuwa futi 13 pamoja na mkono wake wa mbele. Uzito wake lilipokuwa tupu haukufika ratili 1,000, yaani kama kilo 450 tu, na motokaa ndogo iliweza kulivuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 matela ya namna hiyo yalianza kutengenezwa Backus, mji mdogo wa Minnesota, kwa jina la Scamp, na yanatengenezwa mpaka leo. Baadaye Casita wakaanza huko Texas.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Matela mengi ya kawaida hujengwa kwa mifupa ya mbao, ikafunikwa kwa bati jembamba. Bati moja hukutana na jingine pembeni na paani, na penye maungio maji ya mvua hupata njia. Yakiingia, mbao huoza kimya kimya ndani ya ukuta. Tela la nyuzi za kioo halina mifupa hiyo, wala paa lake halina ungio. Ndiyo maana matela ya mwaka 1970 na kitu bado yako barabarani, na watu huyagombea kwa bei nzuri, ilhali wenzake wa mbao walikwisha kuwa kuni.

Hapo ndipo wanunuzi wanapodanganyika. Husikia kwamba faibaglasi haiozi, wakadhani tela haliozi. Gamba kweli haliozi. Lakini gamba hilo limetobolewa. Limetobolewa madirisha, mlango, tundu la hewa paani, na njia za bomba na nyaya. Tena makabati ya ndani yameshikwa kwa ribiti nyingi, na kila ribiti imepita katika ukuta ikatokea nje, ikafunikwa kwa kofia ndogo ya plastiki. Jua likipiga miaka, kofia hukauka na kuanguka. Hapo kila ribiti ni mlango wa maji. Na maji yakiingia huenda wapi? Huteremka sakafuni, na sakafu ya matela haya ni ya mbao. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta hauna neno. Utakayoijenga ni sakafu.

Kwa hiyo mtu anayetaka kununua tela la zamani asianze kwa kutazama mapazia na rangi. Aanze chini. Apige magoti, akandamize sakafu kwa kidole gumba pembeni mwa mlango, chini ya madirisha, na ndani ya makabati ya chini kule nyuma. Mbao ikibonyea kama mkate uliolowa, maji yamekuwa yakiingia zamani. Halafu alale chali chini ya tela akiwa na tochi, autazame mkono wa chuma pale unapopinda kuingia chini ya gamba. Baadhi ya matela ya zamani hupasuka pale pale, kwa kuwa hapo ndipo mtikisiko wote wa njia unapokusanyika. Ufa wa chuma hauzibwi kwa rangi. Lazima fundi wa kulehemu auone na kuutia nguvu.

Jambo jingine ni mlango. Mlango ulipindwa kufuata mbavu za yai. Ukiufunga ukaona umeachana na ukuta juu au chini, uliza: kuna kabati lililotolewa? Makabati ya tela hili si ya kuwekea vikombe tu. Ndiyo nguzo za paa. Yupo mtu hulinunua, akaona ndani pamebanwa, akang'oa kabati ili apate nafasi. Baada ya muda paa huzama, mlango hukataa kufunga, na maji hukaa juu kama kwenye sahani.

Namna ya kutafuta mahali panapovuja ni rahisi, lakini yataka watu wawili. Mmoja aingie ndani na tochi, mlango ufungwe. Wa pili ashike mpira wa maji nje, aanze kumwagia chini, apande polepole, dirisha moja kwa wakati wake. Asianze juu. Akianza juu, maji yatateremka kila mahali na hawatajua yalikoingilia. Aliye ndani akiona tone aseme, na mahali hapo patiwe alama kwa chaki.

Kisha paziba. Wavuvi wetu na mafundi wa majahazi wanajua kukalafati, na kazi hii ni ndugu yake. Ondoa dirisha lote, kwangua gundi ya zamani hadi gamba liwe safi, weka utepe wa mpira laini unaonata, rudisha dirisha na ukaze skrubu kidogo kidogo ukizunguka. Wengi huona uvivu kutoa dirisha, wakapaka silikoni juu juu kwa kidole. Hiyo ni dawa ya msimu mmoja. Tena silikoni ina tabia mbaya: ikishapakwa, hakuna gundi nyingine itakayoshika hapo, hata silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile ya zamani. Mtakaokuja nyuma mtaikwangua siku nzima.

Gamba lenyewe halidai mengi. Jua huchakaza ile rangi ya nje ikawa kama unga wa chaki mkononi. Likioshwa kwa sabuni na kupakwa nta kila mwaka, hukaa miaka. Likitoboka kwa kupigwa na tawi, hushonwa kwa nyuzi na resini zile zile: unapiga msasa kuzunguka tundu, unaweka tabaka kadhaa, unangoja likauke, unalisawazisha. Fundi avae miwani, glavu na kitambaa cha pua, maana vumbi la kioo huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Kazi ya namna hii fundi wa tangi au wa mashua anaweza kuifanya.

Sasa twende barabarani, na hapa naomba mnisikilize sana, kwa sababu maji huharibu mali, lakini uzito mbaya huua watu.

Tela lenye magurudumu mawili ni kama mizani. Ukipakia vitu vingi nyuma, mkono wa mbele huwa mwepesi. Kwa mwendo mdogo huoni kitu. Kwa mwendo wa maili 55 kwa saa, lori likikupita, tela huanza kutikisa mkia kushoto na kulia, kila mara zaidi ya mara iliyopita, mpaka linaigeuza motokaa iliyolivuta. Kanuni ya Wamarekani ni hii: uzito unaolalia mkono wa mbele uwe sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wa tela lote na mizigo yake. Mwalimu, andika ubaoni: tela na mizigo, kilo 700. Sehemu 10 katika 100 ni kilo 70. Sehemu 15 katika 100 ni kilo 105. Basi mkono usipungue kilo 70, wala usizidi kilo 105. Na kuupima si kazi. Weka mizani ile ya watu kujipimia chini ya mkono, simamisha gogo juu yake, ushushe mkono juu ya gogo tela likiwa sawasawa, usome. Ukiwa mwepesi, hamisha mizigo mbele. Ukiwa mzito kupita kiasi, ihamishe nyuma kidogo.

Na ikiwa limeanza kutikisa mkia? Usikanyage breki za motokaa kwa nguvu, wala usijaribu kulikimbia kwa kuongeza mwendo. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara bila kuuzungusha huku na huku, uache mwendo upungue wenyewe. Kama tela lina breki zake na kuna kitufe cha kuzifunga kwa mkono, zifunge polepole. Kisha simama mahali salama, upange mizigo upya. Dereva anayesema "sasa limetulia" akaendelea na safari bila kuhamisha mizigo, huyo hajapona.

Kabla ya kuondoka, mwenye tela hulizunguka lote. Tufe la chuma la motokaa na kikombe cha tela lazima viwe vya kipimo kimoja. Tufe la inchi 1 na 7/8 huingia katika kikombe cha inchi 2, likaonekana limekaa, halafu likachomoka kwenye shimo la kwanza. Minyororo miwili ya usalama hupitishwa msalaba chini ya mkono, ili ikitokea umechomoka, uangukie juu ya minyororo na si juu ya lami. Taa za nyuma ziwake. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana, na zikazwe tena baada ya maili 50 au 100 ikiwa gurudumu lilitolewa karibuni. Beringi husafishwa na kutiwa grisi mpya mara moja kwa mwaka, maana beringi kavu huwaka moto na gurudumu likatoka.

Juu ya mipira kuna somo zuri la kusoma tarakimu. Mpira wa motokaa huisha kwa kutembea. Mpira wa tela la kambi mara nyingi huisha kwa kukaa: hupigwa jua miezi mingi, hupasuka ndani, na kwa macho bado ni mpya. Usidanganyike na meno yake. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho katika mstari unaoanza kwa herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2319, mpira ulitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wenye matela wengi huutupa ukifika miaka 5 au 6, hata ukiwa mzuri wa sura. Anayejua kusoma tarakimu nne hawezi kuuziwa mpira wa zamani kwa bei ya mpya. Nadhani mwaona faida ya daftari lenu.

Kambini mambo ni machache. Kwanza kabari kwenye magurudumu, kisha ndipo ufungue mkono wa tela, si kinyume chake. Weka pimamaji mezani ulisawazishe, kwa sababu friji zake nyingi hufanya kazi kwa moto wa gesi na hazipendi kuinama. Maji machafu hubebwa katika tangi na kumwagwa mahali palipowekwa kwa kazi hiyo, si porini. Katika mbuga ya Yellowstone iko kambi moja, Fishing Bridge, ambayo hairuhusu mahema ya nguo wala tela lenye kuta za turubai, kwa sababu ya dubu. Yai letu la faibaglasi huruhusiwa, maana kuta zake ni ngumu. Hata hivyo chakula hakiachwi nje.

Nchi hizo zina majira ya baridi kali, na maji yakiganda hutanuka, yakapasua mabomba. Kabla ya baridi mwenye tela humwaga maji yote, akatia katika mabomba dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, iliyotengenezwa kwa mabomba ya maji ya kunywa. Ile dawa ya rejeta ya motokaa isitumike kamwe. Ni sumu.

La mwisho ni gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa; ikivuja hulala sakafuni, ikingoja kiberiti. Viungio hupimwa kwa povu la sabuni, na penye mapovu yanayovimba pana tundu. Wala usipime kwa moto. Tena chumba hiki ni kidogo sana, na gamba lake halipitishi hewa. Mnajua habari ya watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, wasiamke. Hewa ile ile ya sumu, isiyo na harufu wala rangi, hutoka hata kwenye jiko la gesi linalowaka vibaya. Kwa hiyo jiko la kupikia haliwashwi ili kupasha tela joto wakati wa kulala, hata baridi ikizidi. Afadhali blanketi la pili. Wakati wa kupika, tundu la paani na dirisha moja huwa wazi. Na katika kila tela huwekwa chombo kidogo cha kupiga kelele hewa hiyo inapozidi. Betri yake hupimwa kabla ya kila safari.

Muda wetu umekaribia kwisha. Mwalimu wa kikundi, nikimaliza zima redio, na wanafunzi wafanye kazi hizi mbili katika daftari. Ya kwanza: tela na mizigo yake lina uzito wa kilo 640. Mkono wake umepimwa, mizani yasema kilo 45. Je, uzito huo watosha? Kama hautoshi, mwenye tela ahamishe nini, na wapi? Ya pili: mpira una tarakimu 3516. Ulitengenezwa wiki gani na mwaka gani, na una miaka mingapi leo? Aliyemaliza kwanza amsaidie jirani yake kusoma, lakini asimwandikie. Kwaherini.